Saundiba ya TV nyumbani: anza nyuma ya TV kabla ya kwenda dukani

Runinga bapa za siku hizi zina picha safi na sauti hafifu, na sababu utaiona ukiigeuza. Spika zake ni ndogo, zimebanwa ndani ya kasha jembamba, na nyingi zinatazama chini au nyuma. Kwa kawaida huwa mbili, kila moja ya wati 5 hadi 10. Sauti inagonga meza au ukuta kwanza ndipo ikufikie, na kinachopotea njiani ni maneno. Ndiyo maana nyanya aliyeketi kwenye kochi la mbali anauliza "amesemaje?" wakati wa taarifa ya saa moja, na mkiongeza sauti ili asikie, tangazo linalofuata linawatoa mbio.

Saundiba, yaani spika ndefu kama bamba inayokaa chini ya TV, ikiwa nzuri inaponya hasa hapo: inayafanya maneno yasikike. Besi ya kutikisa madirisha ni haja nyingine. Anayeingia dukani kabla hajatenganisha haja hizo mbili hutoka na mtambo mkubwa, na nyanya bado hasikii.

Hatua ya 1: Soma matundu ya TV yako

Chukua tochi ya simu, chungulia nyuma na ubavuni mwa TV, upige picha kila tundu pamoja na maandishi yake. Picha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Tafuta kwa mpangilio huu.

Kwanza, tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC (ARC iliyoboreshwa). TV inaweza kuwa na matundu matatu ya HDMI na moja tu likawa na maandishi hayo, na si lazima liwe la kwanza. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kazi yake ni kurudisha sauti kutoka TV kwenda saundiba kwa waya uleule mmoja, na rimoti ya TV ikaongeza na kupunguza sauti kama ulivyozoea. Kama TV yako inalo, usinunue saundiba isiyokuwa nalo. Nyumba yenye wazee na watoto inahitaji rimoti moja.

Pili, tundu la OPTICAL. Ni la mraba, dogo, lina kifuniko kinachofunguka kwa ndani, na TV ikiwa imewaka utaona mwanga mwekundu humo. Linapitisha sauti safi, ya stirio au ya chaneli 5.1, ila mara nyingi rimoti ya TV haitaongoza sauti ya saundiba. Si baya hata kidogo; kwa TV ya miaka kadhaa iliyopita mara nyingi ndilo chaguo bora lililopo.

Tatu, tundu la duara la milimita 3.5, lile la visikizi. TV ndogo za inchi 24 na 32, pamoja na zile za sola za volti 12 zilizoenea vijijini Siaya, Busia na Bungoma, mara nyingi zina hilo tu. Saundiba yenye AUX itafanya kazi. Matundu mekundu na meupe ya AV yanahitaji uangalifu: kwenye TV nyingi hayo ni ya kuingiza sauti, hayatoi. Soma kama yameandikwa IN au OUT.

Bluetooth iweke mwisho. Sauti yake huchelewa kidogo, wakati mwingine zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na jicho linaona: mtangazaji amefunga mdomo, neno lake ndilo kwanza linafika. Kwa muziki wa simu hakuna shida. Kwa mpira au habari utachoka siku ya pili.

Hatua ya 2: Pima meza

TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, ya 43 sentimita 95, ya 55 sentimita 122. Saundiba isizidi upana wa TV. Pima pia nafasi kati ya meza na ukingo wa chini wa TV, maana saundiba nyingi zina kimo cha sentimita 5 hadi 8. Ikiwa nafasi ni sentimita 4, saundiba itaziba sehemu ya chini ya kioo, na mbaya zaidi itaziba kile kijicho cha kupokea rimoti. Mtu hubonyeza, TV haisikii, analaumu betri.

Pima vilevile umbali kutoka TV hadi soketi na hadi pale sabufa, ile spika ya besi, itakapokaa. Hata sabufa isiyotumia waya wa sauti inahitaji waya wake wa stima.

Hatua ya 3: Kisikilize chumba chenyewe

Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi unaokufa papo hapo, chumba kiko sawa. Ukisikia mkwaruzo unaoendelea kama kofi limerudiwa, una mwangwi, na mwangwi huo utayameza maneno hata ya saundiba ya bei kubwa. Sebule nyingi mpya za Nakuru na Kisumu ziko hivyo: vigae sakafuni, plasta laini, madirisha makubwa. Zulia kati ya TV na makochi, pazia zito na kochi la kitambaa hubadilisha sauti kuliko wati 100 za ziada. Anza na hivyo kama fedha ni kidogo.

Kisha tazama juu. Saundiba za Dolby Atmos zenye spika zinazotazama juu hurusha sauti kwenye dari ili irudi kwako kana kwamba inatoka angani. Hilo linataka dari bapa, ya kimo cha wastani, mita 2.4 hadi 3.5 hivi. Kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, paa limeinama na kenchi zimepita katikati. Sauti hutawanyika na hairudi kwako. Usilipie spika za juu katika nyumba kama hiyo. Fedha hizo zipeleke kwenye chaneli ya kati, ile spika ya katikati ya kubeba maneno, au kwenye dari.

Tena kwa mabati: mvua ya alasiri ya Kakamega au Kisii ikianza kupiga paa tupu, hakuna saundiba ya nyumbani itakayoishinda vizuri. Utaipandisha hadi mwisho, sauti itaanza kupasuka, na spika inayopasuka kwa muda mrefu huungua koili. Dari, hata ya bodi nyepesi, hufaa kuliko mtambo mkubwa.

Hatua ya 4: Zielewe namba za kwenye boksi

Namba kama 2.1 si ya ubora, ni hesabu ya chaneli. Ya kwanza ni chaneli za mbele, kati na pembeni. Ya pili ni sabufa: 0 maana yake haipo, 1 maana yake ipo. Ikiwepo ya tatu, kama 5.1.2, hizo ni spika za juu tulizozungumzia.

Saundiba ya 2.0 yatosha chumba cha kupanga na TV ya inchi 32. 2.1 ni ya sebule ya kawaida ambamo muziki nao hupigwa. Ila kwa nyumba ambayo lalamiko lake ni maneno, tunapendekeza 3.1 bila kusita, kwa sababu ile chaneli ya tatu ni spika ya katikati inayobeba hasa sauti za watu. Unaweza kuipandisha bila kuongeza sana muziki wala kelele za uwanjani. Kama 3.1 haifikiki, tafuta 2.1 yenye kitufe cha VOICE, DIALOG au NEWS. Kitufe hicho hunyanyua masafa ya sauti ya binadamu na kupunguza besi. Si sawa na spika ya kati, lakini kinasaidia sana.

5.1 yenye spika za nyuma ni nzuri kwa filamu za huduma za mtandaoni. Kwa vituo vya kingamuzi manufaa yake ni madogo, na kama kingamuzi chako kimeunganishwa kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, hapo ni stirio tu, hata saundiba iwe na spika kumi.

Kuhusu wati, sharti usome herufi zinazofuata. RMS ndiyo nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo. PMPO ni namba ya kilele cha kitambo kidogo mno, isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika, na ndiyo hutoa zile "wati 10,000" kwenye kasha la plastiki. Njia rahisi ya kuipima namba ni kugeuza kifaa na kusoma kibandiko cha stima. Kikiandikwa kuwa kinakula wati 60 ukutani, hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo kwenye spika. Nguvu haizaliwi njiani. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, wati 60 hadi 120 za RMS za kweli zinatosha na kubaki.

Kibandiko hichohicho kitakwambia habari ya tokeni: kifaa kinachokula wati 30 kwa saa tano kimetumia uniti 0.15. Si mzigo.

Hatua ya 5: Dukani

Nenda na picha za matundu, vipimo, na flashi yenye klipu mbili: dakika tatu za taarifa ya habari, na wimbo mmoja unaoujua vizuri. Usikubali kuonjeshwa kwa wimbo wa duka. Muuzaji huchagua wenye besi nyingi, na besi huficha udhaifu wa katikati.

Cheza habari kwanza, sauti ya chini, huku umesimama mita tatu. Fumba macho. Unapata kila neno, pamoja na herufi za "s" na "f", au unakisia? Kisha pandisha hadi robo tatu ya sauti yote. Sikiliza kama kasha linatetema au sauti inakwaruza. Baada ya hapo cheza wimbo, halafu mwambie muuzaji aizime sabufa uisikilize ile bamba peke yake. Ikibaki inalia kama redio ndogo ndani ya kopo, iache hata kama sabufa yake ni kubwa, kwa maana maneno yatatoka kwenye bamba hiyo kila siku.

Fungua boksi uhesabu kabla hujalipa: saundiba, sabufa, rimoti, adapta au waya wa stima, waya wa HDMI au wa optical, skrubu za ukutani. Hakikisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya kifaa ni ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Bila risiti yenye namba hiyo, waranti ni maneno tu.

Kwa wanaonunua Ex-UK, yaani vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza. Zipo nzuri sana kwa bei ya chini, kwa kuwa stima ya Uingereza na plagi yake ya pini tatu ni kama zetu. Lakini angalia mambo matatu. Sabufa isiyotumia waya huoana na saundiba ya aina yake tu. Ikiuzwa saundiba bila sabufa yake, usidhani utaokota nyingine sokoni ikashika. Adapta nayo mara nyingi hupotea ikabadilishwa kwa yoyote iliyoingia tunduni: volti kwenye adapta ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye saundiba, ampea ziwe sawa au zaidi, na kile kichoro cha duara chenye alama ya jumla na kutoa kifanane. Adapta ya volti 24 kwenye kifaa cha volti 19 inaweza kukiua mara moja. Mwisho, kama kibandiko kimesema 120V peke yake, kifaa hicho ni cha soko la Marekani, na ukikichomeka kwenye volti 240 zetu utanusa moshi. Unataka kuona 220–240V au 100–240V.

Hatua ya 6: Unganisha

Zima kila kitu ukutani kwanza.

Kwa ARC: waya wa HDMI mmoja, kutoka tundu la ARC la TV hadi tundu la saundiba lililoandikwa HDMI OUT au TV ARC. Kwenye saundiba zenye matundu mawili, wengi huchomeka kwenye HDMI IN, sauti haiji. Washa, ingia menyu ya TV, upande wa sauti, uchague spika ya nje au HDMI ARC. Kisha washa CEC, mfumo wa vifaa kuongozana kupitia waya wa HDMI. Kila kampuni imeibatiza jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Bila CEC, rimoti moja haitaongoza vyote viwili.

Kwa optical: waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki, mara nyingi angavu, kwenye ncha zote mbili. Vitoe. Ni vidogo kama punje ya mchele na karibu havionekani, na watu husukuma waya navyo mpaka wakavunja tundu. Ncha ikiwa wazi utaona kijipini cha mwanga katikati. Pembe mbili za ncha zimekatwa. Zilinganishe na tundu, sukuma mpaka usikie "tak". Usiukunje waya huu kama kamba, kwani ndani ni uzi wa kupitisha mwanga na ukivunjika haufungiki.

Kwa AUX: weka sauti ya TV kwenye robo tatu, kisha ongoza kwa rimoti ya saundiba. TV ikiwa chini sana utapandisha saundiba na kuleta mvumo. Ikiwa juu kabisa sauti itafika tayari imepasuka.

Njia yoyote ile, zima spika za TV. Zikilia pamoja na saundiba utasikia kila neno mara mbili, kama kanisani. Na sauti ya kingamuzi iweke juu kabisa, halafu usiiguse tena. Wengi huilaumu saundiba kumbe dikoda imebaki kwenye 8.

Saundiba ndogo za USB za TV ya sola zisichukue nguvu kwenye tundu la USB la TV. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa ampea 0.5 tu, yaani wati 2.5, na besi ikija sauti inakatika. Tumia adapta ya simu ya ampea 2.

Saundiba ikae ukingoni mwa meza, isiwe ndani ya kabati wala nyuma ya maua. Ukutani, ukuta wa mawe au matofali unashika plagi za plastiki za milimita 8 vizuri. Ukuta wa udongo haushiki, acha saundiba mezani.

Hatua ya 7: Sabufa na mipangilio

Kona huongeza besi, na mara nyingi huiharibu ikawa mvumo. Fanya hivi: weka sabufa juu ya kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha inama utembee ukutani taratibu. Pale besi inaposikika safi, noti kwa noti, ndipo sabufa ikae. Unaonekana kichekesho mbele ya watoto, lakini njia hii inafanya kazi.

Rudi kwenye klipu ya habari. Mtangazaji wa kiume akisikika kana kwamba anasemea ndani ya pipa, punguza sabufa mpaka aishe upipa. Kiwango sahihi ni pale ambapo sikio haliwezi kuonyesha sabufa iko wapi, ila ukiizima unaikosa.

Kwenye ploti za Kondele au Nyalenda mjini Kisumu, ambako ukuta wenu ndio ukuta wa jirani, isiguse ukuta huo kabisa. Chini yake weka kipande cha sponji ya godoro cha sentimita 5 na juu ya sponji ubao mzito, ndipo sabufa. Nyingi hupumua au kulia kwa chini, zikizama moja kwa moja kwenye sponji zinazibika. Usiku bonyeza NIGHT: milipuko inashuka, maneno yanabaki.

Stima na radi

Stima ikipotea, kinachoua vifaa mara nyingi ni kurudi kwake kwa kishindo. Kifaa cha kulinda, kile madukani huitwa TV guard, hukata volti zikipanda au kushuka kupita kiasi na husubiri kidogo kabla ya kurudisha. Chomeka TV, kingamuzi na saundiba kwenye kinga moja, mradi jumla ya mzigo isizidi iliyoandikwa.

Radi ni jambo lingine. Ukanda wa Ziwa Viktoria hupigwa radi nyingi mno, na hakuna kinga ya ukutani inayozuia radi ya karibu. Wingu likitanda, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena au dishi. Huo wa pili husahaulika, na ndio hupitisha mshtuko hadi kingamuzi, kutoka hapo kwenye HDMI hadi TV na saundiba. Utajua kwa dalili: kila kitu kinawaka, ila matundu ya HDMI yamekufa.

Likitokea hili

Hakuna sauti kwenye ARC ingawa vyote vinawaka: chomoa TV na saundiba ukutani dakika mbili, washa TV kwanza. Ikikataa, nenda menyu ya sauti ya TV ubadilishe mfumo wa kutoa sauti kutoka Auto au Bitstream kwenda PCM. Sauti ikirudi, tatizo lilikuwa saundiba kutoielewa aina ya sauti iliyotumwa.

Midomo na sauti havipatani kwenye waya: sauti ikitangulia, ongeza thamani ya AV SYNC au DELAY kidogo kidogo. Ikichelewa, punguza hadi sifuri na uzime madoido ya sauti kwenye TV.

Sabufa inawaka taa lakini kimya: taa ikimetameta imepotezana na saundiba. Bonyeza PAIR nyuma yake mpaka taa itulie, na sogeza ruta ya Wi-Fi angalau mita moja mbali nayo.

Mvumo wa "mmm" usioisha kwenye AUX: chomoa waya wa antena ujaribu. Ukiisha, umeingia kupitia huko. Hamia optical, ambayo haipitishi umeme.

Mtetemo mpya wa kukwaruza kwenye sabufa ya mwaka mmoja: kabla ya kumwita fundi, zima, chomoa, umulike tochi ndani ya lile tundu la hewa. Kombamwiko hupenda joto la humo, na yai au bawa likigusa koni hulia kama spika iliyokatika. Igeuze tundu litazame chini, igongegonge taratibu kwa kiganja, futa vumbi kwa brashi laini.